Chumba cha Tatu

Bowie, 3 Machi 2025

Leokadia binti yangu,

Nimefika, nimekula, nimelala, na bado napumua. Hizo ndizo salamu. Tuingie kwenye maneno.

Usiniulize kwa nini naandika na simu ipo. Hapa kwa kaka yako Ezekiel, simu yangu ikilia, mkewe Jeptoo anaiweka spika kwa sababu ya masikio yangu haya mabovu, basi nyumba nzima inakuwa mkutano. Mjukuu anajibu kwa Kiingereza kabla sijafungua mdomo. Na wewe ukitoka zamu ya usiku unazungumza kama mtu aliyefungiwa ndani ya gunia. Afadhali barua. Mwanao Anitha alinifundisha herufi kule chini kwenye besimenti yenu, yeye akiwa darasa la kwanza na mimi sina darasa, na mkono wangu sasa unakwenda. Ezekiel ananipelekea posta na kazi yake inaishia hapo.

Ulisema nije kukaa hapa mpaka rangi ikauke na watu wamalize kuja kuitazama nyumba mnayoiuza. Sawa. Ila nimefungua masanduku uliyonifungia. Mtu anayekwenda kupisha mafundi hafungiwi makoti yote ya baridi na sufuria yake ya ugali. Nimeona, nimenyamaza, sasa nasema.

Haya, hicho kijiji cha wastaafu mnakonunua huko Rockville. Jeptoo amenionyesha picha. Kizuri. Kina bwawa ambalo wazee wanatembea ndani ya maji kama korongo, kila mmoja na kofia ya plastiki. Nyumba zake zote ziko chini, hakuna ngazi, hakuna besimenti. Kuna za vyumba viwili na kuna za vitatu. Jeptoo anasema bado hamjachagua.

Mimi nasema vitatu, na sababu unaijua hata ukijifanya Mmarekani. Kwetu Tarime mama hakutani na mkwe wake. Hali naye, haingii choo chake, jina lake halitaji. Tangu nilipokuja kumlea Anitha, mimi na mumeo tumekaa nyumba moja bila kutazamana usoni, kwa sababu nilikuwa na mlango wangu kule chini, na choo changu, na jiko langu. Yeye akikohoa bustanini, mimi naingia ndani. Analotaka kuniambia anakuambia wewe, na langu nakuambia wewe. Umekuwa mdomo wetu sote wawili na hatujawahi kugombana hata siku moja.

Kile chumba cha tatu nimekiona. Kiko karibu na mlango wa mbele, kina choo chake. Hicho kinanitosha. Nitaingia na kutoka hatanisikia.

Kula vizuri. Umekonda shingo.

Mama yako,
Bhoke


Germantown, 12 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ndani ya gari nikisubiri zamu, wenzangu wakaniuliza nacheka nini, nikawaambia korongo. Nao hawakuelewa.

Sisi wazima. Rangi imekwisha, kapeti la besimenti limeng'olewa, na dalali anasema nyumba itakwenda haraka. Makoti nilikufungia kwa sababu Machi ya huku unaijua, leo jua kesho barafu. Usitafute maneno ndani ya masanduku, Mama.

Kuhusu vyumba. Nilitaka nikuambie ana kwa ana lakini umenitangulia. Tunaelekea kuchukua viwili. Kimoja chetu, kimoja cha Anitha akija likizo kutoka chuoni.

Si mimi, Mama. Ni Baba Anitha. Tulipokwenda kuiona ile ya vitatu alisimama kwenye korido akatikisa kichwa. Akaniambia, "Leokadia, mama atapita hapa na mimi nitapita hapa hapa. Nikitoka bafuni na taulo nikakutana naye, uso wangu nitaupeleka wapi?" Ameniomba nikueleze kwa upole. Anakuheshimu mno, ndiyo maana hawezi.

Kwa Ezekiel hapo ni kwako. Ni mtoto wako wa kiume, hakuna wa kuona aibu. Na Jeptoo anakupenda, hata anakununulia ule mtindi wa kopo jekundu.

Usihuzunike. Nitakuja Jumapili nisipopangiwa kazi.

Binti yako,
Leokadia


Bowie, 19 Machi 2025

Leokadia,

Jumapili nilivaa kitenge kipya, nikakaa dirishani. Ulipangiwa kazi. Haya.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Kwanza nilikasirika. Nikasema, huyu bwana nimemlelea mtoto, nimemkaangia dagaa asizojua nani kakaanga, nimemfulia mashati akidhani ni mashine, leo korido imekuwa nyembamba. Jeptoo akaja kuuliza mbona nazungumza na sinki.

Baadaye nikatulia. Nikamkumbuka vizuri. Kila theluji ilipoanguka, nilipofungua mlango wangu kule chini nilikuta imeshaondolewa, na chumvi imemwagwa mpaka kwenye pipa la taka nisiteleze. Aliyefanya hivyo sikumwona hata mara moja. Alikuwa anatoka mapema ili tusikutane. Mtu wa namna hiyo hanikatai mimi. Anaogopa kunivunjia heshima, na anaogopa kwa sababu hakuna aliyemfungulia njia. Wa kumfungulia ni mimi niliye mkubwa.

Basi sikiliza, maana hili ndilo nililoamkia leo. Umeolewa huku, huenda hukuliona likifanyika. Aibu ya mkwe huondolewa. Mkwe analeta shuka, mama mkwe anapika, wanakula sahani moja mbele ya watu wawili watatu, na kuanzia siku hiyo wanaweza kupishana koridoni na kuamkiana kama binadamu. Mama yangu alimfanyia hivyo mume wa dada yangu mguu ulipomvunjika mama akawa hana wa kumtunza ila wao. Hakuna aliyecheka.

Mwambie hivi, na uyaseme kama yalivyo, usiyapunguze: mama yako anasema aibu yake ameiweka chini. Aje hapa kwa Ezekiel siku yoyote na shuka yoyote, hata ya kutandikia kitanda kutoka dukani. Nitapika ugali wa mtama na kuku. Akishakula, nunueni vyumba vitatu.

Na kama hataki nikae kwenye korido hiyo hata baada ya hapo, aseme, nami nitajua.

Si kwamba Ezekiel ananitesa. Hapa nalala chumba cha kompyuta, na mjukuu anaingia na kutoka akisema "sorry Bibi, sorry Bibi" mpaka ninahisi mimi ndiye kompyuta. Lakini wewe ndiye niliyekuja kwako. Nataka kuzeekea mahali ambapo nasikia miguu yako.

Mama yako,
Bhoke


Germantown, 27 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Nimemwambia, neno kwa neno, na la shuka pia. Akasema hawezi, kwamba mambo hayo ni ya nyumbani, na hapa Marekani yangekuwa kama mchezo wa kuigiza. Nakuomba tusilirudie tena, linamuumiza.

Tunachukua viwili. Jumapili hii pia nimepangiwa.

Leokadia


Germantown, 6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama mbali, kama tulivyozoea. Sijawahi kukutumia neno lisilopitia kwa Leokadia, na kama nimekosa kwa kuandika, basi barua hii irudishe, nitaelewa.

Jana Ezekiel alikuja kunisaidia kutoa kitanda chako besimenti. Tulipokuwa tumeshika kila mtu upande wake akaniuliza, "Shemeji, kumla kuku wa Mama ndiyo kazi ngumu hivyo?" Nikamwuliza kuku yupi. Akaniambia habari ya shuka, na kwamba wewe ulinisubiri na mimi nikakataa.

Mama, sikuambiwa habari ya shuka. Nisingeikataa.

Nilichoambiwa mimi ni kingine. Mwezi wa pili Leokadia alinieleza kwamba umesema huwezi kukaa nyumba isiyo na besimenti, kwamba ni aibu kwako kulala ukuta mmoja na mkwe, na kwamba wewe mwenyewe umechagua kwenda kwa Ezekiel. Mimi ndiye niliyetaka vyumba vitatu. Nilipima hata ule mlango wa mbele, nione kama pazia linaweza kukaa kati ya chumba chako na korido. Akaniambia niache, nisimlazimishe mzee. Nikaacha, kwa sababu ni neno lako, na neno lako sijawahi kulipinga.

Sijamwuliza. Nikimwuliza nitakuwa nimemwita mwongo, na sijui kama nimeelewa vizuri. Tumeishi kwa amani miaka yetu yote. Nimeona nikuulize wewe kwanza.

Dalali ametupa hadi tarehe 25 ya mwezi huu kuchagua, viwili au vitatu. Bado hatujatia saini. Utakalosema wewe ndilo nitakalosaini, na siku utakayotaja nitakuja na shuka. Jibu lako mpe Ezekiel mkononi, lisije kwa posta.

Mkwe wako,
Baba Anitha


Bowie, 8 Aprili 2025

Leokadia,

Mumeo ameniandikia.

Sitakutajia aliyoandika. Unayajua, kwa sababu wewe ndiye uliyeyatunga yote, ya kwake ukaniletea mimi na ya kwangu ukampelekea yeye. Ile taulo. Ile taulo ulitoa wapi? Nimekaa hapa nikimwona mtu mzima na taulo yake ananikimbia koridoni, nikamwonea huruma, nikatafuta namna ya kumtoa aibu. Kumbe hakuna mtu, hakuna taulo, ni wewe peke yako unazungumza kwa sauti mbili.

Ningekuwa mama wa simu ningekupigia nipige kelele. Lakini kelele hazitakufikia wewe, zitabaki kwenye kuta za Jeptoo.

Nakuuliza jambo moja na unijibu kwa mkono wako. Nilikukosea nini? Nilipika vibaya? Nilimfundisha mtoto matusi? Nilikuomba kitu? Kama kuna jambo, litoe nilijue. Sitamjibu mumeo mpaka nimekusikia. Ezekiel atakaa sebuleni kwako mpaka umalize kuandika, hata kama ni kutwa. Usimpe chai akasahau alichofuata.

Bhoke


Germantown, 12 Aprili 2025

Mama,

Ezekiel amekaa hapo anaangalia mpira na hanisemeshi. Nimechana karatasi nyingi.

Hukunikosea. Ningekuwa na kosa lako la kushika ningekuwa nimeshalishika.

Unajua kazi yangu kwa jina tu, nyumba ya wazee. Huijui. Nimeingia pale nikiwa msichana wa kubadilisha mashuka, nikasoma nikawa nesi, na kila siku ya maisha yangu nimewaosha mama za watu. Nimewakata kucha, nimewalisha kwa kijiko, nimewashika mikono wakikata roho, kisha nikavua glavu nikaenda chumba cha pili. Nikirudi nyumbani naoga, na harufu haitoki, iko ndani ya pua. Ninakuja kwako chini unanipa chakula, na mimi badala ya kula natazama mkono wako unavyotetemeka ukishika kijiko. Naona kinachofuata. Najua baada ya mkono ni nini, na baada ya hicho ni nini. Wewe unacheka na mimi ninahesabu hatua zilizobaki kama ninavyomhesabia mgonjwa.

Ukaanguka Desemba, hukuniambia, ulimwambia Anitha asiseme. Aliniambia. Niliona lile jeraha kwenye goti na jambo la kwanza nililofikiria, Mama, si maumivu yako. Nilifikiria, haya, limeanza, na litaanzia kwangu.

Nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Nilitaka mahali pamoja tu duniani ambapo naamka na hakuna mzee wa kugeuza kitandani. Nilikiona kile chumba cha tatu, na choo chake chenye vyuma vya kushikilia ukutani, vile vile vya kazini, nikatoka nje nikasema nataka hewa. Baba Anitha alikuwa anapima pazia.

Ningekuambia haya usoni ningelazimika kuuona uso wako. Nikaona afadhali uchukie desturi, au umchukie yeye kidogo, kuliko mimi. Nilijua hamtaulizana. Ni nyinyi watu wawili tu hapa Marekani ambao ningeweza kuwadanganya hivyo na isijulikane.

Nakupenda. Najua halina maana sasa. Mikono yangu imekwisha, Mama. Wameimaliza watu wengine.

Kama utamwambia, mwambie. Atanisamehe, kisha atanunua vyumba vitatu, na mimi nitakutunza vizuri sana, kama ninavyowatunza wote. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Leokadia


Bowie, 15 Aprili 2025

Leokadia,

Nimesoma polepole, kwa sababu ya macho na kwa sababu nyingine.

Ungeniambia haya mwezi wa pili, ningelia siku hiyo, kesho yake ningefunga masanduku yangu mwenyewe. Ningekuita mtoto mbaya mbele ya Jeptoo na ningekuombea nyuma yake. Kuchoka si dhambi. Na mimi nilichoka na mama yangu, watu wote huchoka.

Lakini hukunikataa wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Ulimtuma mtu asiyejua kama ametumwa. Umenifanya nimdharau kwa wiki nzima mtu aliyekuwa anafagia theluji mlangoni kwangu. Na yeye umemfanya aamini kwamba namwonea kinyaa. Heshima yetu tuliyoijenga kwa kukohoa na kunyamaza, wewe ukaitumia kama kitambaa cha kufutia meza. Hilo siliwezi. Nimejaribu tangu juzi kuliweza, sipati pa kulishika.

Unasema utanitunza vizuri kama unavyowatunza wote. Nakuamini. Sitaki. Sikukuzaa ili niwe mgonjwa wa mwisho kwenye orodha yako, unanigeuza huku unatazama saa.

Ezekiel ananiulizia chumba kwenye yale majengo ya wazee wasio na kitu, huku huku Bowie. Chumba kimoja, jiko ukutani. Wanasema foleni ni ndefu. Sina haraka, na Jeptoo amenihamishia kompyuta sebuleni.

Leo namwandikia mumeo. Nitakachomwambia utakisikia kwake, na ukikisikia usishangae, itikia tu. Ndicho kitu cha mwisho ninachokubebea.

Usije Jumapili. Nitakuambia lini.

Bhoke


Bowie, 15 Aprili 2025

Mkwe wangu, Baba Anitha,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, hakuna aliyenisomea. Umeiandika vizuri na hukunikosea.

Leokadia hakudanganya. Maneno yale ni yangu. Mwezi wa pili nilimwambia siwezi kukaa nyumba isiyo na mlango wangu. Baadaye nikaona upweke, nikamtuma habari ya shuka, kisha siku ya pili nikamwambia basi, asikuambie, nimebadili. Yeye akachoka kubeba maneno ya kikongwe anayegeuka kama feni, akayaacha njiani. Ezekiel alisikia nusu. Usimgombeze mkeo, na usimwulize. Aliyekosa ni mimi, na mimi ni mkubwa, hakuna wa kunichapa.

Usije na shuka. Si kwamba siitaki. Tumeheshimiana hivi muda mrefu na tumefika uzeeni salama, tuendelee hivi hivi.

Tia saini vyumba viwili. Hilo ndilo neno langu, na ulisema neno langu hulipingi.

Ahsante kwa chumvi. Nilikuwa najua ni wewe.

Sasa kuna jambo nakuomba, na hili lisipite kwa mtu. Mkichagua nyumba, chagua ambayo chumba chenu cha kulala hakitazami jua la asubuhi. Leokadia amelala mchana na kukesha usiku tangu ujana wake, mwili wake hautajua kama amestaafu. Utamkuta amekaa kitandani alfajiri anasikiliza kengele isiyolia. Tundika pazia zito. Asubuhi usimwamshe, hata kwa chai, hata kwa kanisa, muache alale mpaka aamke peke yake. Na usimpe yeyote wala chochote cha kutunza, hata mche wa maua, kwa mwaka huu wote.

Akikuuliza nani amekufundisha hayo, mwambie umewaza mwenyewe.

Mimi,
mama wa Leokadia